Taa za Korongo la Nyuki

1

Jua lilipogusa ukingo wa magharibi, Veneranda Akonaay alianza kazi kwa kufagia. Hakuna aliyemwagiza. Mwongozo wa kituo ulisema mwangalizi akague kamera, ajaribu mota, asome hali ya hewa, kisha akae kwenye kiti asubiri. Haukusema lolote kuhusu vumbi la Mlima Sarwat, vumbi linaloingia hata kwenye unga uliofungwa kwa kamba. Alifagia chumba chote, akamwaga maji kizingitini, ndipo akaviamsha vioo.

Vilikuwa vinne, kila kimoja kipana kuliko nyumba aliyozaliwa. Mchana kutwa vilitazama chini. Sasa viliinuka kimoja baada ya kingine, taratibu, kwa mlio wa chuma kinachojinyoosha, mpaka vyote vikawa vimeelekea juu.

"Habari za jioni, Bi. Veneranda," Mratibu alisema kwenye spika. "Vioo vyote viko tayari. Upepo ni wa wastani. Anga ni safi."

"Naona."

Mratibu hakuwa mtu. Alikuwa programu inayovipanga vituo vyote vya dunia, na Kiswahili chake kilikuwa kile cha taarifa ya habari, kisicho na kwao. Veneranda alishaacha kumwamkia. Asiyeweza kununa, alisema, hana haja ya salamu.

Mtu alikuwa Dakta Kalunde. Alikaa ofisini Dodoma, na kila jioni alifungua laini kabla ya kazi kuanza, ati kuhakiki sauti. Sauti haikuwahi kuwa na tatizo.

"Umekula nini?" Veneranda alimuuliza.

"Chipsi mayai."

"Tena?"

"Na kachumbari, Mama Imelda. Usihukumu kabla ya kusikia ushahidi wote."

"Mwanamke mwenye digrii tatu anakula kama utingo wa lori."

"Utingo angalau anasafiri. Mimi kiti hiki kimeshachukua umbo langu."

Waliendelea hivyo kwa muda. Kalunde alimsimulia habari za jogoo wa mwenye nyumba wake, ambaye sasa alikuwa analala juu ya gari lake na kuliharibu. Veneranda akamshauri amnunue amle, kesi iishe. Kalunde akasema jogoo huyo mzee hivyo angemshinda meno. Yalikuwa mazungumzo ya bure kabisa, na Veneranda aliyasubiri tangu asubuhi. Hakuwahi kumwambia Kalunde kwamba siku nyingine sauti yake ndiyo sauti pekee ya binadamu aliyoisikia.

Alichokisubiri Kalunde kilikuwa kingine. Huko mbali, mbali kiasi kwamba umbali wenyewe haumwingii mtu akilini, nyota hufa kwa mlipuko na kurusha miale ya gamma. Setilaiti ndizo zinazoiona kwanza, maana miale hiyo haifiki ardhini. Ile mikali kuliko yote huigonga hewa ya juu kabisa, na hewa hutoa mmweko wa buluu, hafifu, mfupi kuliko kupepesa jicho. Vioo vya Sarwat vilijengwa kuukamata mmweko huo. Lakini ni lazima vigeuzwe haraka, kabla mlipuko haujafifia, na ni lazima pawe giza. Siyo giza la kawaida. Taa moja ya mkono ikimulika upande wa kamera, kamera zinajifunga zenyewe zisiungue.

Milipuko mingi ilitokea mbali mno, miale mikali ikafia njiani. Kalunde alitaka mmoja wa karibu. Mmoja tu, aushike katika dakika zake za mwanzo, ambazo hakuna kituo chochote kilichowahi kuziona vizuri. Alikuwa amekwisha kuandika hesabu za kile alichotarajia kukiona. Kilichobaki ni mbingu kumjibu.

"Maombi ya taa kwa jioni hii?" Mratibu aliuliza.

Veneranda alitazama simu ya kituo. Haikuwa na ujumbe.

"Hakuna."

Hilo lilikuwa swali la mkataba. Umeme wa Endasiwa, kijiji kilichokuwa chini ya mlima, ulitoka kituoni: pampu ya maji, mashine ya kusaga, taa za nyumba, hata taa za mkono ambazo kila kaya iligawiwa, nazo zikichajiwa na kuzimwa kutoka huko huko. Kijiji kililipa kwa giza. Mlipuko ukitokea, taa zote hupepesa mara tatu kuonya, halafu zinazimika, mpaka vioo vimalize. Mwenye mgonjwa, mwenye uzazi, mwenye msiba alitakiwa apige simu kabla ya jua kuzama, aachiwe taa yake ndani ya nyumba. Na mkono unaozima ulitakiwa uwe wa mtu wa kijiji. Wazee ndio waliolidai sharti hilo. Hawakutaka kuzimiwa na mashine ya watu wasiowajua. Veneranda alikuwa na diploma ya umeme kutoka chuo cha ufundi Arusha, na mume aliyekwenda machimboni Mererani akajiolea huko. Wakamchagua yeye, wakapiga makofi.

Mwaka wa kwanza simu za maombi zilikuwa nyingi. Walimpigia hata wasio na shida, kumsalimia tu. Lakini giza lilianza kuangukia mambo ya watu. Liliangukia kipaimara, likaangukia kikao cha mahari kikavunjika kwa kutukanana gizani. Wakaanza kumwita Mama Giza. Kisha wakaacha kupiga simu. Watu wa Endasiwa wakishanuna hawaombi. Mwenye mgonjwa alikaa naye gizani akashika mkono wake, ilimradi asimwombe Veneranda taa. Alizipata habari hizo baadaye, kwa kuzidaka mashineni akiwa amewapa watu mgongo.

2

Kengele ililia mwanga wa machweo ukiwa umeisha tu magharibi. Kalunde alikuwa katikati ya sentensi kuhusu jogoo.

"Mlipuko wa gamma," Mratibu alisema. "Umethibitishwa na setilaiti mbili. Magharibi, chini, karibu na upeo. Umbali unakadiriwa kuwa mdogo sana. Vioo vinageuka."

Nje, vioo vinne viliteremka kwa pamoja kuelekea magharibi, kwa kasi iliyotikisa sakafu. Ni mara chache vilishuka chini kiasi hicho.

"Mama Imelda," Kalunde alisema. Sauti yake ilikuwa imebadilika, imekuwa nyembamba kama ya mtu aliyebeba yai. "Ni wa karibu. Ni wa karibu kuliko wowote. Kituo cha kusini kina mawingu. Kile cha visiwa vya magharibi bado kina jua. Ni wewe tu."

"Nimesikia."

"Chanzo kitazama nyuma ya ukingo baada ya dakika chache," Mratibu alisema. "Giza linaombwa."

Kwenye meza palikuwa na vitufe viwili chini ya kifuniko cha plastiki. Kimoja kiliandikwa ZIMA. Kingine kiliandikwa KATAA. Veneranda alifunua kifuniko, akanyanyua kichwa kutazama dirisha la magharibi. Ilikuwa desturi yake. Alipenda kuona anachokizima.

Kijiji kilikuwa mahali pake, taa za nyumba, taa ya zahanati, taa ya kisima. Lakini palikuwa na taa nyingine, huku juu, upande wa mlima wenyewe, ndani ya Korongo la Nyuki. Taa za mkono. Hazikuwa kwenye mstari kama za watu wanaopita njia. Zilitawanyika huku na huku kwenye ukuta wa korongo, zikisogea polepole, zikisimama, zikirudi nyuma.

"Wale ni akina nani?"

"Sina taarifa hiyo," Mratibu alisema. "Hakuna ombi lililosajiliwa. Taa zisizo na ombi huzimwa."

Hawakuwa warina asali. Warina asali huwa wawili, na moto mmoja. Hawa walikuwa wengi na walikuwa wanatafuta. Kitu, au mtu.

"Zima kijiji, liache korongo," Veneranda alisema.

"Vioo vinatazama juu ya mdomo wa korongo. Taa hizo ndizo zitakazofunga kamera. Kijiji peke yake hakitasaidia."

"Na hao watu?"

"Uwezekano wa madhara makubwa ni mdogo. Mtu mzima akizimikiwa taa husimama."

Veneranda aliguna. Alilijua Korongo la Nyuki tangu utoto. Njia yake ni mawe yaliyolegea, na upande mmoja unakwenda chini moja kwa moja. Na aliwajua watu wa Endasiwa. Wakizimiwa taa hawasimami. Wanakasirika na kuendelea kutembea.

"Watasimama," Kalunde alisema kwenye laini. "Taa zitapepesa kwanza, watajua. Watakaa chini, watakutukana kidogo, itapita. Si hupita siku zote?"

Ilikuwa kweli. Karibu siku zote ilipita.

Palikuwa na mtu mmoja tu kijijini ambaye namba yake aliijua kwa moyo. Akachukua simu akampigia binti yake.

Imelda hakuwa amezungumza naye tangu baada ya harusi. Siku hiyo giza liliitwa wakati maharusi wanaingia ukumbini, Veneranda akiwa zamu kwa sababu hakukuwa na mwingine wa kushika zamu. Alizima. Watu walikwama katikati ya wimbo, keki ikaanguka, bibi harusi akasimama gizani na shela lake akilia kwa hasira. Na mlipuko wenyewe haukuwa mlipuko. Yalikuwa makelele tu ya jua kwenye setilaiti. Kesho yake Imelda alipanda mlima akamuuliza swali moja: hukuweza kukataa? Veneranda akamjibu kwamba hakuna anayeweza kukataa, mbingu zikiita zimeita. Ndivyo waangalizi wote walivyoagizwa kusema. Watu wakijua kwamba giza linakatalika, walielezwa kwenye mafunzo, kila giza litakuwa ugomvi, kila jioni mlima utajaa waombaji, na mkataba utakufa pamoja na umeme wake. Kitufe cha pili kiliwekwa na wanasheria, ili siku mtu akifa awepo mtu wa kulaumiwa. Yote hayo yalikuwa kweli. Lakini siku ile hakumdanganya mwanawe kwa sababu ya mkataba.

Simu iliita mpaka ikakata.

"Unampigia nani?" Kalunde aliuliza.

"Nipe muda kidogo."

"Muda ndio hatuna."

Alipiga tena. Safari hii ilikatwa katikati. Imelda alikuwa ameitazama, akaona ni nani, akaikata.

Taa moja korongoni ilikuwa imeshuka chini kuliko zote, upande ule usio na njia.

Kama ni mtoto aliyepotea, basi mtoto huyo yuko mahali fulani kwenye mawe anaziona taa zinakuja. Kama ni mbuzi, basi Veneranda anataka kumtupia mbuzi kazi ya maisha ya rafiki yake. Hakujua. Wanaojua walikuwa pale pale mbele ya macho yake, na walikuwa na simu, na hawakumwambia, kwa sababu walishaapa kutomwambia kitu. Alipiga mara ya tatu. Simu ya Imelda ilikuwa imezimwa.

"Mama Imelda," Kalunde alisema. "Sijawahi kukuomba kitu. Nakuomba."

"Najua."

"Zima. Tafadhali. Kikitokea kitu nitasema nilikulazimisha mimi."

"Haitamsaidia aliyeko kwenye jabali."

"Hujui kama kuna mtu kwenye jabali."

"Sijui," Veneranda alisema. "Ndiyo shida yenyewe."

Akabonyeza KATAA, akakishikilia kitufe mpaka kikawaka.

"Mwangalizi amekataa," Mratibu alisema kwa sauti ile ile aliyoitumia kusema upepo ni wa wastani. "Taja sababu."

"Kuna watu."

"Sababu hiyo haimo kwenye orodha."

"Basi iongeze."

Vioo viliendelea kutazama magharibi, vikiwa vimefumbwa. Kamera zilikuwa zimejifunga zenyewe mara tu mwanga wa kwanza wa korongo ulipozigusa. Huko juu hewa ilikuwa inameremeta buluu, mimweko kwa mimweko, ya nyota iliyokufa kabla hapajakuwa na mtu wa kuitazama, na hakuna jicho lililoiona. Veneranda alimsikia Kalunde anapumua. Baada ya muda Mratibu alitangaza kwamba chanzo kimezama. Kisha ukasikika mburuzo wa kiti Dodoma, na laini ikafungwa.

Veneranda alivuta kiti chake dirishani. Taa za korongoni zilikuwa zimekusanyika mahali pamoja, pale chini palipokuwa na ile moja. Zilikaa hapo muda mrefu. Alijaribu kuhesabu kama zimepungua, akashindwa, kwa kuwa hakuwa amezihesabu mwanzo. Mwishowe zilijipanga mstari mmoja, zikaanza kuteremka kwenda nyumbani.

3

Asubuhi alikuwa anaosha sufuria Kalunde alipofungua laini. Hakuuliza habari za kulala.

Alisema ameshaandika taarifa. Ameeleza kwamba mwangalizi aliona watu katika eneo la hatari na akatumia haki yake, na kwamba yeye, Kalunde, hana pingamizi. Wakubwa wameikubali. Hakuna atakayemwondoa kazini.

"Ahsante," Veneranda alisema.

"Walikuwa wanatafuta nini?"

"Sijui bado. Nateremka leo kusaga."

"Ukijua usiniambie."

Veneranda aliweka sufuria chini. "Umenikasirikia."

"Ningekukasirikia ingekuwa rahisi. Nimefikiri tangu jana. Mimi ndiye niliyesema watasimama. Nimekaa Dodoma, sijawahi kufika hapo, nikasema watu watasimama. Ulikuwa na haki, Mama Imelda. Na mimi nimepoteza kitu ambacho hakitarudi nikiwa hai. Yote mawili ni kweli, na kila nikisikia sauti yako nayasikia yote mawili."

"Kwa hiyo?"

"Kwa hiyo nimeomba nihamishiwe kituo cha kusini. Kuanzia leo jioni Mratibu atahakiki sauti peke yake."

Veneranda angeweza kumwambia kwamba asipofungua laini, jioni ingekuwa ndefu. Angeweza kusema samahani, lakini hakuwa amekosea, na Kalunde angelitambua neno lisilo na kitu ndani.

"Jogoo wako umwambie mwenye nyumba," alisema mwishowe. "Usinyamaze tu, ataendelea kulala juu ya gari."

Kalunde alicheka, cheko fupi lililomtoka bila kupenda. "Kaa salama, Mama Imelda."

"Na wewe. Kula mboga."

Alimaliza kuosha sufuria. Akaosha na nyingine, ambayo ilikuwa safi.

4

Mashine ya kusaga ilikuwa mwanzoni mwa kijiji, na siku hiyo palikuwa na foleni. Veneranda aliwaamkia waliokuwepo. Waliitikia kama kawaida yao, bila kugeuka. Akaweka ndoo yake ya mahindi mwisho wa mstari, akasimama nyuma yake.

Hakuhitaji kumuuliza mtu. Habari ilikuwa inasimuliwa upya kila alipofika mtu mpya. Walikuwa wanamtafuta mtamba. Ng'ombe jike mchanga, wa kahawia, mwenye doa kwenye paji la uso, ambaye mama mkwe wa Imelda alimpa mkwewe awe mwanzo wa zizi lake. Alikuwa amekata kamba akaingia korongoni. Mzee mmoja alikuwa anaonyesha kwa mikono jinsi mnyama alivyokuwa amebanwa kati ya mawe mawili, na watu walikuwa wanacheka kwamba alivutwa kwa matako kama anazaliwa upya.

Mtamba. Veneranda alitazama mahindi yake. Siyo mtoto, siyo mgonjwa aliyechanganyikiwa. Aliiona nyota ya Kalunde na mtamba mwenye doa vimewekwa kwenye mizani moja, na hakutaka kutazama mizani imelalia wapi.

"Ulinipigia jana."

Imelda alikuwa amesimama pembeni yake, na ndoo ya unga ulioshasagwa mkononi. Alikuwa amenenepa kidogo. Uso wake ulikuwa na mchubuko wa mwiba shavuni. Watu wa foleni wakaanza kuongea kwa sauti ya juu kuliko mwanzo, kwa heshima.

"Nilikupigia," Veneranda alisema.

"Mara mbili. Sikuwa na nafasi ya kupokea. Hhando alikuwa ameshuka kwa kamba."

"Hhando mumeo?"

"Nina Hhando wangapi?" Imelda alibadilisha ndoo mkono. Akaeleza, harakaharaka, akiitazama mashine badala ya mama yake. Mtamba alikuwa chini ya jabali. Walimfunga Hhando kamba kiunoni, akashuka na taa kwenye meno, maana mikono yote miwili alikuwa anaihitaji. Mawe yalikuwa yanateleza. Yeye, Imelda, alikuwa juu pamoja na wanaume wameshika kamba, na simu ikaanza kulia mfukoni.

"Nikaona ni wewe. Nikajua tu, sasa anataka kuzima. Nikaizima simu, nikasali." Alivuta pumzi. "Nilisali kwa sauti mpaka wakanishangaa. Nilisema, Mungu, usimwache azime mpaka mume wangu apande. Na hukuzima. Alipanda, mtamba naye akavutwa, tukarudi, na bado hukuzima."

"Nashukuru amepanda salama," Veneranda alisema.

"Ulitaka nini uliponipigia?"

"Niliona taa korongoni. Nilitaka kujua ni nini."

"Hilo tu?"

"Hilo tu."

Imelda aligeuka sasa, akamtazama usoni. Ilikuwa mara ya kwanza tangu siku ile aliyopanda mlima. Alikuwa na macho ya baba yake, yale yanayosubiri jibu bila kukusaidia kulitafuta.

"Jana uliitwa?" aliuliza.

Mashine ilikuwa inanguruma. Neno moja lingetosha. Ndiyo, niliitwa, na nikakataa, na kukataa huko kumenigharimu mtu pekee niliyekuwa nikimuuliza amekula nini. Imelda angelielewa, hakuwa mjinga. Angelielewa haraka mno. Jioni ile ile kila mwenye jambo lake angekuwa mlangoni pa kituo, na hilo lingekuwa dogo. Kubwa ni kwamba kabla hajafika nyumbani na unga wake angekuwa ameshalirudia lile swali la baada ya harusi, na safari hii angelijibu mwenyewe: siku ya harusi pia mama yake aliweza kukataa, na alizima.

"Hapana," Veneranda alisema. "Jana hapakuwa na kitu."

Imelda aliitikia kwa kichwa, polepole.

"Hhando ndiye aliyesema. Alisema labda mama aliitwa akakataa, kwa ajili yetu. Nikamwambia hakuna anayeweza kukataa. Si uliniambia mwenyewe?"

"Nilikwambia."

Foleni ilisogea. Mtu wa mashine akamwambia Veneranda alete ndoo, zamu yake imefika. Hakuiinua. Imelda naye hakuondoka. Alisimama pale, unga mkononi, muda mrefu kuliko unaohitajika kumuaga mtu usiyezungumza naye, kama vile ameacha mlango wazi kidogo ili kama kuna neno jingine lipite.

Halikupita. Imelda akajitwika ndoo, akarekebisha khanga begani, akaenda zake.